Mfumo Haujui Mwezi Umeandama

Kila mwaka, wiki chache kabla ya Krismasi, ofisi za Sydney huwa na kazi ambayo wafanyakazi wengi hawaioni ikifanyika: kuingiza sikukuu za mwaka unaokuja kwenye mfumo wa utumishi. Ndiyo kazi yangu. Nafungua kalenda, nachagua jimbo, na orodha ya New South Wales inajaa yenyewe: Mwaka Mpya, Siku ya Australia Januari 26, Pasaka yote kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, Siku ya Anzac Aprili 25, Siku ya Kuzaliwa ya Mfalme ambayo huadhimishwa Jumatatu ya pili ya Juni, Siku ya Wafanyakazi Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, Krismasi na siku inayoifuata. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni suala la tarehe tu. Kumbe nyuma ya kila tarehe kuna maswali. Nani analipwa akibaki nyumbani? Nani analipwa zaidi akija kazini? Siku hiyo inakatwa kwenye likizo ya nani? Ikiangukia Jumapili, inahamia wapi au inapotea? Majibu yamewekwa kwenye visanduku vya kutiki, na vingi kati yake vinakuja vikiwa vimeshatikiwa na aliyeutengeneza mfumo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mifumo hii sasa inauzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na inafika ikiwa imebeba sheria za kazi za nchi nyingine. Mnunuzi anaona bendera ya Tanzania kwenye orodha ya nchi, anaibonyeza, tarehe zinajitokeza, anaamini kazi imekwisha. Tarehe ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yenyewe.

Dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi Dar, ambaye sasa ni afisa utumishi wa kampuni yenye ofisi Dar, Unguja na Mombasa, alinitumia picha za skrini kwa WhatsApp.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hebu niangalizie huu mfumo. Watu wakirudi likizo unaniambia bado wana siku kibao. Mhasibu ananiuliza zimetoka wapi, sina la kumjibu."

Jibu lilikuwa kwenye kisanduku kimoja tu, kile kinachosema sikukuu zisihesabiwe ndani ya likizo. Australia kisanduku hicho lazima kiwe na tiki. Sheria ya Fair Work ya mwaka 2009 inampa mfanyakazi wa kudumu likizo ya wiki 4 kwa mwaka, na sikukuu ikiangukia katikati ya likizo yake, siku hiyo si likizo. Inabaki kuwa yake. Ukipumzika mwezi wa Aprili, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hazikatwi. Tanzania mambo ni tofauti kabisa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinatoa likizo isiyopungua siku 28 mfululizo, na kinasema wazi kwamba sikukuu zitakazoangukia humo zimo ndani ya hizo 28.

Chukua mfanyakazi wa ofisi ya Dar aliyekwenda likizo kuanzia Aprili 1 hadi Aprili 28, 2026. Kwa sheria ya nyumbani amemaliza siku zake zote 28. Mfumo wenye mipangilio ya kigeni unamhesabia siku za kazi peke yake, Jumatatu hadi Ijumaa, ambazo ni 20. Halafu unaondoa Ijumaa Kuu ya Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka ya Aprili 6 na Siku ya Karume ya Aprili 7. Zinabaki 17. Unamkata 17 na kumwachia 11 ambazo sheria haikumpa. Kwa mfanyakazi inaonekana ni neema. Lakini mizania ya likizo ni fedha: siku atakapoacha kazi, likizo ambayo hajaichukua inadaiwa kwa mshahara. Kampuni yenye watu 200 inaweza kujikuta na deni la miezi ya mishahara ambalo hakuna aliyelikubali wala kulitia saini. Na ikija kugundua, inawanyang'anya watu siku walizokwisha kuziona kwenye simu zao na kuzipangia safari za kwao. Ugomvi wake naujua, hauishi kwa barua moja.

Sasa vuka mpaka uende ofisi ya Mombasa ya kampuni hiyohiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi. Hapo hesabu ni ya siku za kazi, kwa hiyo kisanduku kilekile kinapaswa kuwa na tiki. Na wa Unguja nao wana sheria yao, Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya mwaka 2005. Kampuni moja, mwajiri mmoja, nembo moja kwenye fulana, na sheria tatu za kazi. Nilimshauri dada jambo ambalo kila mtu wa mishahara wa Sydney hulifanya bila kufikiri: asiwe na kalenda moja ya kampuni. Awe na kalenda kwa kila mahali pa kazi, kila kalenda na kanuni zake za likizo, kisha kila mfanyakazi afungwe kwenye kalenda ya mahali alipoajiriwa kufanyia kazi.

Wanasydney wamelazimika kujifunza hilo kwa sababu nchi yao yenyewe haina orodha moja. Jumanne ya kwanza ya Novemba, Melbourne inapumzika kwa ajili ya mbio za farasi za Melbourne Cup na Sydney inafanya kazi kama kawaida. Siku ya Wafanyakazi ni Machi kwa Victoria, Mei kwa Queensland na Oktoba kwetu New South Wales. Hata siku ya kuzaliwa ya Mfalme, ambaye ni mmoja kwa wote, Queensland wanaiadhimisha Oktoba. Benki za New South Wales zina sikukuu yao Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Miji ya Albury na Wodonga imetenganishwa na mto Murray tu, huku New South Wales, kule Victoria, na watu wanavuka daraja kila asubuhi kwenda kazini. Kinachoamua sikukuu ya mtu ni mahali kituo chake cha kazi kilipo. Nyumba yake iko wapi, au bosi wake amekaa wapi, havihusiki.

Sisi tuna Namanga. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa pale mwaka 2018, na mawakala wa forodha wana ofisi pande zote mbili. Juni 1 upande wa Kenya ni Madaraka, upande wa Tanzania ni siku ya kazi. Julai 7 inageuka: Tanzania ni Sabasaba, Kenya wako kazini. Horohoro na Lunga Lunga ni vivyo hivyo, Holili na Taveta vilevile. Wakala mwenye kijana mmoja upande huu na mwingine upande ule, akiwaweka wote kwenye kalenda ya Dar kwa sababu makao makuu yako Dar, amemnyima mmoja wao Madaraka na Mashujaa, siku ambazo sheria ya nchi aliyoajiriwa inampa. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Ni menyu ambayo hakuna aliyeifungua.

Kuna na hili la sikukuu kuangukia mwisho wa wiki. Krismasi ya mwaka 2021 ilikuwa Jumamosi na siku inayofuata Jumapili. New South Wales ikaongeza Jumatatu ya Desemba 27 na Jumanne ya Desemba 28. Sheria ya Kenya inasogeza sikukuu ya Jumapili kwenye siku inayofuata isiyo sikukuu. Tanzania haisogezi. Sikukuu ya Muungano ya mwaka 2025 ilikuwa Jumamosi, ya 2026 ni Jumapili, na Jumatatu yake watu wanaamkia kazini. Mfumo wenye tiki ya kusogeza utawaonyesha wafanyakazi wa Dar kwamba Aprili 27 ni mapumziko. Nusu watakuja, nusu hawatakuja, na waliokuja watadai malipo ya sikukuu. Hapo hapo kuna kosa la pili ambalo halionekani upesi: mifumo mingi hudhani wiki ya kazi ni siku 5. Sheria ya Tanzania inaruhusu wiki ya siku 6 na saa 45, na viwanda, maduka na makampuni mengi binafsi yanafanya kazi Jumamosi. Kwa mtu wa siku 6, Muungano wa Jumamosi ulikuwa mapumziko ya kweli. Kwa mtu wa siku 5 haukumwongezea chochote. Bila kuandika mtindo wa wiki wa kila mtu, mfumo hauwezi kuwatofautisha.

Na huku Sydney mtindo huo wa wiki ndio unaoumiza watu kimya kimya. Sikukuu zetu kadhaa ni za Jumatatu daima. Aliyeajiriwa Jumanne hadi Alhamisi, mara nyingi mama mwenye watoto wadogo, miaka inapita bila kulipwa sikukuu hizo hata moja, kwa sababu sheria inamlipa mtu kwa saa ambazo angekuwa kazini siku ile. Hiyo ni sheria, na mfumo uko sahihi ukiifuata. Lakini msimamizi akimhamishia mtu zamu kutoka Jumatatu kwenda Jumanne wiki ya sikukuu ili asimlipe, huo ni ukwepaji, na mfumo mzuri unaacha alama ya nani alibadilisha ratiba na lini. Ningependa kila mwenzetu anayefanya kazi kwenye ghala au nyumba ya kulelea wazee huku ajue kwamba alama hiyo ipo na kwamba anaweza kuiomba.

Tuje kwenye sikukuu za ghafla. Malkia Elizabeth alifariki Septemba 8, 2022. Septemba 11 waziri mkuu Anthony Albanese akatangaza kwamba Alhamisi ya Septemba 22 itakuwa siku ya maombolezo na mapumziko nchi nzima. Huku hilo lilionekana ni jambo la ghafla mno: hospitali zilikuwa na upasuaji uliokwisha kupangwa, viwanda vilikuwa na zamu zilizokwisha kuandikwa. Zilikuwa siku 11. Mtu aliyekulia kwetu anashangaa kidogo. Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021, na Machi 22 ikawa ya mapumziko. Kenya, Novemba 13, 2023 ilitangazwa siku ya mapumziko ya kupanda miti wiki moja kabla. Mei 10, 2024, baada ya mafuriko, ilitangazwa ikiwa imebaki siku mbili.

Tofauti kubwa ninayoiona haiko kwenye wingi wa siku za notisi. Iko kwa mtunza orodha. Wauzaji wa mifumo ya Australia wako hapa hapa: Employment Hero ilianzishwa Sydney mwaka 2014, Deputy nayo ni ya mji huu. Serikali ikitangaza siku mpya, wafanyakazi wao wenyewe wanapata siku hiyo, kwa hiyo orodha inarekebishwa haraka. Orodha ya Tanzania au Kenya ndani ya mfumo wa kigeni mara nyingi haina mtu anayeishi ndani yake. Nimekuta Oktoba 10 ya Kenya bado imeandikwa Siku ya Moi, jina ambalo Wakenya wamelipita zamani: katiba ya 2010 haikuitaja siku hiyo, Mahakama Kuu ikairudisha mwaka 2017, ikaja kubadilishwa jina, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Jina si kitu kikubwa, tarehe ni ileile. Lakini linakuonyesha orodha iliguswa lini mara ya mwisho, na kwamba ukisubiri mtu wa mbali akuingizie siku iliyotangazwa jana usiku, utasubiri hadi mishahara ipite. Kwa hiyo afisa utumishi wa kwetu anahitaji ruhusa ya kuongeza siku kwa mkono, saa yoyote, bila kufungua tiketi ya msaada. Ni jambo la kudai kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi.

Halafu kuna mwezi.

Kalenda za ukutani tunazogawiwa na mabenki kila Januari zimekuwa zikifanya jambo la busara ambalo mifumo ya kisasa imeshindwa: pembeni ya Idd zinaandika kwamba sikukuu itategemea kuandama kwa mwezi. Mfumo hauna nafasi ya maneno hayo. Unataka tarehe. Ukiupa tarehe unaiamini, unapanga zamu juu yake, unahesabu ovataimu, unatuma ujumbe wa kuwatakia watu Idd njema, na usiku ule Mufti anatangaza kwamba mwezi haukuonekana, kesho bado tunafunga. Tanzania Idd el Fitri ni siku 2 za mapumziko, kwa hiyo kukosea kwa siku moja kunasogeza zote mbili. Mlinzi aliyekesha kazini siku ya kwanza anadai malipo ya sikukuu na mfumo unasema ile ilikuwa siku ya kawaida. Sheria inasema anayefanya kazi sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na sheria inafuata sikukuu ilivyokuwa, haifuati ilivyoandikwa mwezi wa Januari.

Dada tulimpangia hivi. Kila sikukuu ya mwezi ingizwe kwa tarehe inayotarajiwa, jina lake libebe neno "inatarajiwa", na siku zinazofuata ziachwe bila zamu ngumu kubadilisha. Mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, apewe mamlaka ya kuisogeza usiku wa tangazo, na naibu wake ajulikane. Ujumbe wa simu wa kuwaarifu wafanyakazi uandikwe mapema, matoleo mawili, moja la kesho Idd na moja la kesho kazi. Na mishahara ya mwezi huo isifungwe mpaka siku ipite. Ofisi ya Mombasa isogezwe peke yake, kwa sababu tangazo la Kenya ni la Kenya. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyejiandaa.

Sydney haina shida hiyo, na sababu yake inanisikitisha: Idd haimo kwenye orodha kabisa. Baraza la Maimamu la Australia hutangaza tarehe mapema kwa hesabu za falaki, wengine hungoja kuuona mwezi kwa macho, na asubuhi ya Idd waumini wanaujaza msikiti wa Lakemba hadi barabarani, Wangee Road. Kwa serikali ni siku ya kazi. Muislamu atakata likizo yake ya mwaka, au ataomba ruhusa, au ataswali alfajiri na kukimbilia treni. Nimekulia mahali ambapo Mkristo hupumzika Maulid na Muislamu hupumzika Jumatatu ya Pasaka, na pilau inavuka ua bila kuulizwa dini ya anayekula. Sikulijua hilo kuwa ni jambo kubwa mpaka nilipoishi penye kalenda ambayo mwaka mzima haimtaji jirani yangu hata mara moja. Tanzania imefanya uamuzi mzuri hapa na tunapaswa kuusema kwa sauti, hasa mbele ya wanaodhani sikukuu nyingi ni uvivu.

Kenya ilichukua njia ya kati. Sheria yake ya sikukuu ina sehemu ya waumini wa dini fulani peke yao: Idd-ul-Azha kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu, ingawa kwa Idd-ul-Azha serikali kwa kawaida huitangaza kuwa mapumziko ya wote. Kwa mfumo, sikukuu ya dini moja maana yake ni kuandika dini ya kila mfanyakazi kwenye faili lake. Hilo mimi nalipinga. Sheria ya faragha ya Australia inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, na baada ya kuona ni watu wangapi wanaweza kufungua faili la utumishi la kampuni ya kawaida, naona wako sawa.

Njia bora wanayo Waaustralia wenyewe, ila wengi hawaitumii: kubadilishana siku. Sheria inaruhusu mwajiri na mfanyakazi kukubaliana kwamba sikukuu fulani ifanyiwe kazi kama siku ya kawaida, na siku nyingine ichukuliwe badala yake kwa haki zilezile. Anayetaka Idd anaweza kufanya kazi Jumatatu ya Mfalme. Haulizwi dini yake, anataja tarehe tu. Siku inayobadilishwa zaidi kwa sasa ni Januari 26. Siku hiyo mwaka 1788 Arthur Phillip alitua Sydney Cove na kuanzisha koloni, na mwaka 1938 wenyeji asilia wa nchi hii walikutana mjini humu kuitangaza kuwa siku ya maombolezo. Kuna wafanyakazi, wenyeji na wasio wenyeji, ambao hawataki kuisherehekea, na makampuni kadhaa makubwa yanawaruhusu kuja kazini siku hiyo na kupumzika nyingine. Kwa sababu ya mjadala huo kitufe cha kubadilishana sikukuu kimeingia kwenye mifumo mingi. Lakini kinakuja kikiwa kimezimwa. Kila ninapopewa kazi ya kupanga mfumo, namwomba mwajiri akiwashe, na nawaambia Waislamu, Wahindu, Waorthodoksi na Waethiopia wa ofisi hiyo kwamba kimewashwa, kwa sababu haki iliyofichwa kwenye menyu ya tatu haimfikii mtu. Ningependa kukiona Dar pia, kwa Waislamu wanaoswali Idd siku tofauti na ile ya serikali, ambao leo hulazimika kuugua asubuhi hiyo.

Nirudi kwa wanaofanya kazi wakati wengine wamepumzika, maana huko ndiko Waswahili wa Sydney walipo wengi. Blacktown, Auburn, Merrylands: wanalea wazee, wanasafisha hospitali, wanapakia mizigo ghalani. Sikukuu kwao ni hesabu. Mwajiriwa wa kudumu akibaki nyumbani analipwa. Akienda, kwa sekta nyingi analipwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida. Kibarua asipoitwa hapati kitu. Migahawa nayo hubandika tangazo mlangoni kwamba leo bei imeongezwa, na wateja wanalipa bila kelele kwa kuwa wanajua nani yuko jikoni. Na kuna haki moja ambayo wengi wetu hatukuijua. Mwaka 2019 kampuni tanzu ya BHP iliwaweka wafanyakazi wa mgodi wa Daunia, Queensland, kazini siku ya Krismasi na siku iliyofuata. Chama chao kikaenda mahakamani, na Machi 2023 jopo kamili la Mahakama ya Shirikisho likaamua kwamba mwajiri hana mamlaka ya kumwamuru mtu afanye kazi sikukuu. Anapaswa kumwomba kwanza, na mfanyakazi ana haki ya kukataa kwa sababu ya maana. Tangu hapo mipangilio imebadilika: zamu ya sikukuu inatumwa kama ombi lenye "nakubali" na "siwezi", na jibu linahifadhiwa. Mhudumu wa hoteli ya Nungwi anayepangiwa Krismasi, Mwaka Mpya na Idd zote kwa mfululizo hana kitufe hicho. Mara mbili ya mshahara anayo kwenye sheria, kuulizwa hana.

Siku za kampuni yenyewe nazo zina mtego mmoja. Huku Desemba ni kiangazi, na ofisi nyingi hufunga kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Siku za katikati si sikukuu. Kampuni ama inazitoa zawadi, ama inazikata kwenye likizo za watu, na ikizikata, kwa sekta nyingi tangu Mei 2023 inatakiwa kuwapa notisi ya maandishi ya siku 28. Kwenye mfumo haya ni mambo mawili yenye majina yanayofanana, na aliyechagua jina lisilo sahihi amewakata watu likizo kwa siku alizowaahidi bure. Sina zaidi la kusema hapo ila: fungua akaunti ya mfanyakazi mmoja wa majaribio, uone siku zake zinapungua au hazipungui, kabla hujatangaza.

Kwetu siku ya kampuni isiyo na jina kwenye mfumo wowote ni ya msiba wa mwenzetu. Mfanyakazi akifariki, idara nzima inakwenda kuzika. Gari la kampuni linabeba watu, michango inakusanywa, ofisi inabaki na mtu mmoja wa kupokea simu. Sheria ya Tanzania inatoa siku 4 za malipo kwa anayefiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa damu, babu, bibi au mjukuu. Haina habari na waliokaa naye meza moja miaka 10. Nilipomuuliza dada wanaiandikaje, alisema wanaandika "kazi nje ya ofisi". Tumeifungulia aina yake: mapumziko ya mazishi, yanalipwa, hayakatwi popote, yanaidhinishwa na meneja kwa idara nzima mara moja. Ofisi yangu ya Sydney haina kitu kama hicho. Nimeipeleka hoja, na mkuu wa utumishi ameiweka kwenye ajenda ya mwaka mpya.

Limebaki moja ambalo bado hatujalimaliza. Sikukuu za mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2000 Idd el Fitri iliangukia Januari, na ikarudi tena Desemba ya mwaka huohuo. Kwa hesabu za falaki itakuwa hivyo tena mwaka 2033, ya pili ikiangukia siku chache tu kabla ya Krismasi. Mfumo wa dada una mstari mmoja kwa kila sikukuu kwa mwaka. Amewaandikia wauzaji kuuliza kama mstari wa pili unaweza kufunguliwa. Wamemjibu kwamba watalitazama wakati ukifika. Nimemwambia asingoje, mkataba unahuishwa mwaka huu, na kipengele hicho kiingie sasa.